Ekseli ya Katikati

Nchi ya Shibenjema haiko mbali, lakini usiulize njia. Waliouliza njia walipelekwa kupimwa kwanza, na wengine mpaka leo hawajatoka kwenye foleni.

Katika nchi hiyo aliishi Hemedi Ngoda, mpimaji wa magari kwenye mizani ya barabara kuu. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja: lori linapanda mizani, yeye anasoma namba, linapita au halipiti. Hakuwahi kupokea bahasha, wala kuku, wala salamu zenye mfuko ndani yake. Madereva walimpa jina la Mzee Mizani, na hawakulitamka kwa upendo.

Kilichowaumiza madereva zaidi ni ekseli, ule mtaimbo unaobeba jozi ya magurudumu. Lori linaweza kuwa na uzito halali kabisa, jumla yake safi, lakini mzigo umelala katikati na ekseli moja imebeba kuliko ruhusa. Hapo Hemedi alitoa kichwa dirishani na kusema maneno yale yale, bila hasira na bila huruma: "Jumla yako halali. Ekseli ya katikati imezidi. Geuza, kapange mzigo upya." Dereva alie, aape kwa mama yake, aseme ni kilo thelathini tu, Hemedi ameshafunga dirisha. Magari ya serikali hayakupimwa. Yalibeba kibao chekundu, na maana ya kibao chekundu ni kwamba uzito huo ni wa taifa. Hemedi hakulipenda jambo hilo, lakini lilikuwa limeandikwa, na yeye aliheshimu kilichoandikwa.

Jioni alirudi kwa mkewe, Mwajabu, fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye hakuheshimu kilichoandikwa popote. Mwajabu alimpikia. Wali wa nazi, maharage ya kuunga, samaki wa kupaka, na ukoko akamwekea pembeni kwa sababu aliujua udhaifu wake. Miaka ishirini na tisa ya chakula hicho ilikuwa imejikusanya mahali pamoja, chini ya mbavu za Hemedi, ikatulia hapo kama mgeni asiyejua kuaga.

"Tumbo hili nimelijenga mimi," Mwajabu alisema mbele za watu, akilipiga kofi. "Tofali kwa tofali. Mtu asiliguse."

*

Balaa la taifa lilianza kwa picha. Mkuu wa nchi, ambaye jina lake rasmi lilikuwa Baba wa Wote na Mlezi wa Waliobaki, alisafiri kwenda kwenye mkutano wa wakuu wenzake. Ikapigwa picha ya pamoja. Ilipotoka, walionekana wakuu kumi na mmoja na tumbo moja. Wakuu watatu waliosimama nyuma yake hawakuonekana kabisa, na nchi zao zikaandika barua kuuliza kama zimefukuzwa kwenye jumuiya.

Baba wa Wote alirudi nyumbani na uchungu mkubwa. Alihutubia taifa kwa saa tatu na nusu, ameketi, kwa kuwa kusimama kulimpa shida.

"Wananchi wangu," alisema, "nimeitazama picha ile kwa makini, na nimeumia sana. Nimegundua kwamba mmenenepa."

Wananchi walitazamana. Wengi wao siku hiyo walikuwa wamekula mara moja. Lakini nyimbo za shule zilisema Baba ndiye taifa. Basi tumbo la Baba ni tumbo la taifa, na tumbo la taifa ni la wananchi. Hesabu haikuwa na kosa. Wakapiga makofi.

Ikaundwa Wizara ya Viuno yenye wakurugenzi arobaini, akiwemo Mkurugenzi wa Mbavu za Chini na Mkurugenzi wa Kitovu na Mazingira Yake. Uzinduzi ulipambwa kwa maputo elfu sita, na kwa kuwa pampu zilichelewa bandarini, maputo yakajazwa kwa mitungi ya hewa ya Hospitali Kuu. Yalipendeza mno. Watu wanayasifu mpaka leo.

Wiki iliyofuata hospitali ikaishiwa hewa. Wizara ikafanya utafiti wa haraka na kukigundua chanzo: ni watu wanaokuja kuwaona wagonjwa. "Kitambi kimoja," ilisema taarifa, "huvuta hewa ya wagonjwa wawili na nusu." Madirisha ya wodi yakapigwa misumari ili hewa iliyobaki isitoroke. Na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia wodini bila Cheti cha Mwili Halali, ambacho kilidai vipimo viwili: kwanza uzito unaolingana na kimo, kisha kiuno kisichozidi sentimita tisini. Matumbo ya viongozi hayakuhusika. Kifungu cha saba kilieleza kwamba hayo yalipatikana kazini.

Hemedi aliisoma sheria ile dirishani pake, neno kwa neno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Jumla kwanza, halafu ekseli. Aliona kama kwamba huko juu kuna mtu ambaye hatimaye ameielewa kazi yake.

Mwezi uliofuata Mwajabu akaanza kukohoa.

*

Walimpokea kwenye machela, wakampeleka wodi namba nne. Hemedi akafuata nyuma na kanga yake na chupa ya chai. Getini akazuiwa na mkono mrefu wenye tepu ya kupimia.

"Ala! Mzee Mizani!" mlinzi akasema. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye meno mazuri na furaha ya ghafla. "Unanikumbuka?"

"Sikukumbuki, bwana. Nipishe, mke wangu ameingizwa sasa hivi."

"Mapunda. Lori la samaki. Jumla halali, ekseli ya katikati imezidi kilo arobaini. Siku tatu nipo pale kwako juani nahamisha samaki kwa mikono. Mpaka mzigo unakaa sawa, hakuna samaki, kuna harufu. Tajiri wangu akanifukuza kazi, ndiyo unaniona hapa." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayesimulia harusi. "Nyanyua mikono, mzee wangu."

Hemedi akanyanyua mikono. Tepu ikamzunguka. Kisha akapandishwa kwenye mizani ndogo ya geti.

"Kilo mia moja na nne," Mapunda akasoma. "Kiuno mia na ishirini na moja. Lo! Wewe jumla imezidi, na ekseli imezidi. Ungekuwa lori ningekutoa upepo kwenye matairi."

"Umepima sawasawa?"

"Nimefundishwa na wewe." Kisha Mapunda akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameuona uso wa Hemedi. "Mkuki kwa nguruwe, mzee. Niachie hiyo chai, nitaipeleka. Chai haina kitambi."

*

Hemedi hakulalamika. Asingeweza kuilalamikia sheria aliyokuwa akiisema mwenyewe kwa miaka ishirini na sita. Alianza kupungua.

Alitembea kwenda kazini, kilomita tisa, na kurudi. Alikula mchicha uliochemshwa bila chumvi, na uji mwepesi kiasi cha kuweza kusoma gazeti kupitia humo. Mchana, lori linapogeuzwa kwenda kupanga mzigo, alilikimbilia nyuma mpaka kona na kurudi. Madereva walikaa kivulini kumtazama. "Mzee," walimpigia kelele, "leo nani kakugeuza?"

Suruali zikaanza kumvuka. Na hapo ndipo yeye na mkewe walipopata njia ya kuzungumza.

Hemedi alipima kiuno chake kwa uzi, akafunga fundo, akaufunga uzi kwenye suruali na kumpa Mapunda. Suruali haikuwa na kitambi, hivyo iliruhusiwa kuingia. Mwajabu akiwa kitandani, namba tisa, karibu na dirisha lililopigwa misumari, aliipunguza kwa sindano ya mkono. Baada ya siku tatu ikatoka imekaa sawa. Ndani ya mkanda Hemedi akagusa kitu kinene: kitambaa chote kilichopunguzwa kilikuwa kimekunjwa mle ndani, hakikukatwa.

"Amesema usikikate," Mapunda akaleta ujumbe. "Amesema hiyo ni akiba. Siku ukirudi kula, unafumua tu."

Kila wiki mbili suruali ikaingia na uzi mfupi zaidi, ikatoka nyembamba zaidi, na akiba ndani ikazidi unene. Hemedi akaisoma mishono ile kama barua. Wiki mishono ilipokuwa midogo na ya karibu-karibu, alijua Mwajabu amelala vizuri. Wiki ilipopinda, alijua alikuwa na homa. Mara moja alikuta herufi mbili zimeshonwa kwa uzi mwekundu sehemu inayoguswa na kitovu: H na M. Alikaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa. Dereva mmoja akapiga honi mara tano juu ya mizani bila kujibiwa.

*

Baada ya miezi saba Hemedi alifika kilo sabini na sita. Kwa kimo chake huo ulikuwa uzito halali, na karatasi ya Wizara ilisema hivyo kwa wino wa kijani.

Aliamkia kwenye foleni ya Wizara. Foleni yenyewe ilihesabiwa kuwa mazoezi. Ndiyo maana madirisha matatu kati ya manne yalifungwa, na lile lililobaki lilihamishwa kila saa ili watu watembee. Saa tisa mchana akafika mbele ya Afisa Kiuno Daraja la Pili, kijana aliyevaa tai iliyolala juu ya tumbo lake kama mjusi juu ya mwamba.

"Hongera sana, mzee! Jumla yako halali." Afisa akagonga muhuri. Hemedi akaupapasa mfuko wake. Alikuwa amebeba kanga safi ya Mwajabu kwenye mfuko, na maneno ya kwanza ameshayapanga. Afisa akavuta tepu. "Tisini na sita."

"Ati nini?"

"Kiuno kimezidi sentimita sita."

Hemedi akatazama chini. Kila kitu kilikuwa kimeondoka. Mashavu yalishuka, mikono ilibaki fimbo, makalio yalimwacha bila kwaheri. Lakini pale katikati, chini ya mbavu, tumbo lilikuwa limekaa vilevile, duara, tulivu, kama nyumba iliyobomolewa yote likabaki jiko.

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Kapange mwili upya, mzee. Anayefuata!"

Alikwenda kwa daktari wa Wizara, mama mmoja aliyechoka, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, na pengine ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyefanya kazi aliyoisomea.

"Baba, nikuambie ukweli," alisema. "Mafuta hayachaguliwi. Huwezi kuuambia mwili utoe hapa uache pale. Unatoa unapotaka wenyewe, na tumbo kwa mwanamume wa umri wako huwa la mwisho. Afya yako ni nzuri. Tumbo hilo halina kosa."

"Sheria inasema lina kosa."

"Sheria haijasoma udaktari. Litapungua polepole ukiwa na mambo matatu: mazoezi ya nguvu kidogo, usingizi wa kutosha, na utulivu wa moyo. Unalala?"

"Silali."

"Una jambo linalokusumbua?"

"Mke wangu yuko wodi namba nne, mwezi wa saba huu, sijamwona."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi," alisema kwa sauti ndogo, akiandika kwenye karatasi kwa sababu fomu ilidai kitu kiandikwe, "jitahidi usiwe na wasiwasi."

*

Hemedi akajitahidi kutokuwa na wasiwasi. Alilala saa mbili usiku, akatazama dari mpaka saa kumi na moja. Alibeba mawe. Alipiga tumbo maji baridi, akalipaka ndimu, akalifunga kwa mpira wa baiskeli kwa ushauri wa jirani, akazirai kazini. Tisini na tano. Tisini na nne. Tena tisini na tano. Tena tisini na nne.

Akaandika ombi kwa Waziri wa Viuno, Mheshimiwa Ndaro, akapewa dakika nne. Waziri alikuwa ameketi kwenye viti viwili, kimoja chake na kimoja cha tumbo.

"Nimesoma ombi lako kwa masikitiko," Waziri alisema. "Unaniomba nikuruhusu uingie na sentimita nne za ziada. Mzee wangu, unajua sentimita nne ni nini? Leo nne zako, kesho nne za jirani, kesho kutwa taifa zima linamwagika kama uji. Mimi nami ni mume. Mimi nami nina mke."

"Unamwona, Mheshimiwa?"

"Kila siku. Ndiyo maana nakuelewa." Waziri akalipapasa lake. "Usinitazame hivyo. Tumbo lako ni la binafsi, ulilipata nyumbani kwa kula kwa starehe. Hili ni la umma. Kila sehemu yake ina tarehe na kikao. Hapa, mkutano wa kupambana na njaa. Hapa, semina ya lishe, siku kumi, hoteli ya ufukweni. Ningelipunguza, ningekuwa nafuta kumbukumbu za nchi."

Hemedi akafikiria kibao chekundu. Aliinama, akashukuru, akaondoka. Mlangoni akasikia Waziri akimwambia katibu wake: "Mtu mwadilifu sana yule. Laiti wote wangekuwa hivi, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

*

Mwezi wa tisa Hemedi alifika tisini na moja na nusu. Asubuhi hiyo alipofika getini na suruali, Mapunda hakuipokea.

"Mzee, njoo huku." Akamvuta mpaka kwenye geti la nyuma, pale madobi wanapotolea mashuka. Palikuwa wazi, hapana mtu. "Hali yake siyo. Jana hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Alinipa mimi nimtungie. Pita hapa, panda ngazi, mlango wa pili. Mimi nitatazama upande ule."

Hemedi alitazama ngazi. Zilikuwa kumi na nne, alizihesabu. Juu yake palikuwa na mlango wa rangi ya maziwa.

"Sina cheti," alisema.

"Najua huna cheti! Ndiyo maana nakupitisha huku."

"Imebaki sentimita moja na nusu. Sijala tangu juzi. Kesho asubuhi nitakuwa tisini, utanipima getini, Wizara itagonga muhuri, nitapita mbele, kihalali. Sitaki aje asumbuliwe mtu kwa ajili yangu. Sitaki wamtoe kitandani kwa kosa langu."

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua." Na Hemedi, ambaye hakuwahi kujisifu, akasema kama mtu anayesoma maandishi ukutani: "Miaka ishirini na sita, Mapunda, sijapitisha hata gari moja lililozidi. Hata moja."

"Lakini wewe siyo lori!" Mapunda akapiga kelele, mpaka ndege wakaruka juu ya paa la madobi. "Mzee, husikii? Wewe siyo lori!"

Hemedi akamwekea suruali mikononi. "Mpe salamu. Mwambie kesho."

Akatembea kurudi nyumbani kilomita zote, haraka, akivuta tumbo ndani, akijisikia mwepesi. Siku nzima hakugusa maji.

Alfajiri alijipima kwa tepu ya cherehani ya mkewe. Tisini kamili. Aliipima mara tatu. Akaoga, akavaa shati jeupe, akachukua ile kanga.

Mapunda alikuwa amesimama nje ya geti, si ndani, na ameshika suruali imekunjwa vizuri. Hakuinua tepu.

"Pima," Hemedi akasema. "Leo nimefika. Pima."

"Alfajiri, mzee. Kabla ya adhana."

Hemedi akabaki amenyanyua mikono, kama watu wanavyonyanyua ili kupimwa. Hakujua namna ya kuishusha.

"Jana nilimpa salamu zako," Mapunda akasema, akitazama viatu vyake. "Aliniuliza, bado ana tumbo? Nikamwambia bado, kidogo. Akacheka, mzee. Kwa hali ile, akacheka. Akasema, afadhali, hilo ni langu, lisije likaisha. Halafu akasema nikwambie ule." Akamwekea suruali begani, kwa kuwa mikono ilikuwa bado juu. "Hakuimaliza. Upande mmoja tu."

*

Msibani watu walileta wali, maharage, samaki. Hemedi aliwashukuru na kuviweka mbele yake mpaka vikapoa. Hakuwa anakataa.

Siku ya ishirini na tatu, Afisa Kiuno Daraja la Pili alifika msibani na tepu, kwa kuwa Hemedi alikuwa na miadi na hakuhudhuria. Alivua viatu kwa heshima, akakaa mkekani, akasoma dua pamoja na wengine, kisha akamwomba mfiwa asimame kidogo.

"Themanini na mbili!" akasema, akasahau mahali alipo, akapiga kofi. "Hongera, mzee!"

Uzito wa Hemedi siku hiyo ulikuwa kilo hamsini na nane, na mama mmoja aliyekuwa akikoroga chai akauliza kama hilo nalo halina sheria. Afisa alimweleza kwa upole kwamba sheria inakataza kuzidi. Kupungua ni hiari ya mwananchi.

Cheti kililetwa kwenye fremu. Na kwa kuwa hakuna mtu katika Shibenjema yote aliyewahi kuondoa tumbo sugu kwa siku ishirini na tatu, Hemedi alitangazwa Mwananchi wa Mfano, akapandishwa jukwaani Siku ya Kiuno, chini ya maputo. Waziri Ndaro alisaidiwa kusimama na watu wanne.

"Ndugu wananchi! Kuna wanaosema tumbo la mwisho haliondoki. Wazushi! Vibaraka! Mtazameni mzee huyu. Alikuwa nalo, leo yuko wapi? Nina maana, leo liko wapi? Mzee wetu, usiwe mchoyo. Waambie siri."

Akamsogezea kipaza sauti. Hemedi akakitazama. Hakuwahi kusema uongo, na hata siku hiyo hakuona sababu ya kuanza.

"Nilifiwa," alisema.

Kisha Waziri akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukafuata.

Wiki mbili baadaye kikatoka kijitabu cha Wizara, chenye picha ya Hemedi kwenye jalada, amesimama bila tumbo na bila kitu kingine. Hatua ya kwanza, kutembea. Ya pili, mchicha. Ya tatu, usingizi. Ya nne, utulivu wa moyo. Ya tano, kufiwa. Mkurugenzi wa Kitovu na Mazingira Yake aliandika kwenye dibaji kwamba hatua hii ya mwisho haina gharama kwa serikali, na kwamba kwa hali ya hospitali zetu ilivyo, itawafikia wananchi wengi kabla ya mwaka kwisha.

*

Nyuma ya cheti palikuwa na maandishi madogo: *Mwenye cheti hiki anaruhusiwa kumwona mgonjwa mmoja, kwa saa moja, kila siku, wodi namba nne, kitanda namba tisa.* Hemedi aliyasoma neno kwa neno. Kisha akavaa ile suruali iliyoshonwa upande mmoja, akaishika kiunoni kwa mkono, akaenda hospitali.

"Pita tu, mzee," Mapunda akasema.

"Pima kwanza."

Mapunda akapima. Tepu ilimzunguka, ikabaki nyingi mkononi. Hemedi akapanda ngazi za mbele, za wenye haki.

Kitanda namba tisa kilikuwa na mwanamke mwingine, wa makamo, mwenye kilemba cha bluu. Alimtazama mgeni akivuta kiti na kukaa, ameweka kanga iliyokunjwa magotini.

"Wewe nani, kaka?"

"Nilikuwa nakuja kumwona mtu wa kitanda hiki."

"Amehamishwa?"

"Ndiyo, dada."

Mwanamke akapumua kwa kazi. "Mume wangu yuko nje. Mrefu, kofia ya kijani. Hukumwona?"

Hemedi alikuwa amemwona. Alikuwa ukutani pembeni ya geti, anaruka-ruka mahali pamoja, ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi wa maji.

"Nimemwona."

"Imebaki ngapi?"

"Sentimita nne."

"Nne," mwanamke akasema. Akageukia dirisha lenye misumari. "Mwambie ale basi. Mtu hawezi kuruka bila kula. Ataanguka, na nani atamwinua?"

Hemedi akainuka. Saa yake haikuwa imeisha. Ilikuwa imebaki dakika hamsini na moja, na zote zilikuwa halali. Alishuka ngazi, akatoka getini, akamwendea yule mtu wa kofia ya kijani na kumshika mkono.

"Umetoka wodi namba nne?" yule mtu akauliza, akihema. "Umemwona? Kasemaje? Mwambie wiki mbili tu, bado nne, nitapita."

Hemedi alimwongoza kando ya ukuta, wakapita mitungi mitupu iliyorundikwa, mpaka kwenye geti la nyuma, kwa madobi. Mapunda aliwaona wakija. Akageuka, akaanza kutazama upande ule mwingine kwa bidii sana.

"Lakini mimi nimezidi," yule mtu akasema.

Hemedi alimtazama tumbo. Ni la mtu aliyepikiwa vizuri kwa muda mrefu.

"Nimekupima kwa macho," alisema. "Ngazi kumi na nne, mlango wa pili. Pita."

Na alipokwisha kupita, Hemedi akabaki pale chini, ameshika suruali yake isianguke, anahesabu ngazi.